Chakula cha Krismasi kwa watu 60 nyumbani Moshi: anza na moto

Desemba ikifika, mabasi kutoka Dar es Salaam yanaingia Moshi yamejaa, na nyumba iliyokuwa na watu watatu mwaka mzima inalaza kumi na tano. Mchana wa tarehe 25 wanaongezeka majirani, wakwe, na watu wa kanisani. Kinachoharibu shughuli ya namna hii mara nyingi si mapishi, kwa sababu akina mama na akina shangazi wa kupika hawakosekani. Kinachoharibu ni moto. Vyakula vinane vinatakiwa viive kwa wakati mmoja na majiko ni matatu, kwa hiyo pilau inaiva saa tano na kupoa ikimsubiri mbuzi, mtori unashika chini, na wageni wanakaa hadi saa kumi wakinywa soda na njaa. Hesabu mafiga kwanza, kisha uchague vyakula vinavyoenea kwenye moto ulio nao.

Idadi ya watu

Andika majina, usikadirie kwa kichwa. Watoto wawili walio chini ya miaka kumi wahesabu kama mtu mzima mmoja. Kwenye kila watu 50 ongeza 10, maana mgeni wa Krismasi huja na mgeni wake, na hakuna mwenye nyumba atakayemuuliza mtu kaletwa na nani. Vipimo vyote humu ni vya kulisha watu 60.

Uliza mapema mambo mawili. La kwanza, kama watakuwepo Waislamu. Mwombe Mwislamu achinje mbuzi na kuku wote, ili nyama yote iliwe na kila mtu bila maswali. Ndivyo inavyofanyika katika nyumba nyingi za Moshi na Arusha, na hakuna kinachopungua. La pili, wapo wasiokula damu, wakiwemo Wasabato, kwa hiyo kisusio (supu ya damu na nyama za ndani) kikipikwa kiwe na sufuria yake, upawa wake na meza yake. Kama kuna nyama ya nguruwe, ipikwe na kukatwa mbali kabisa, kwa kisu ambacho hakitarudi kwenye vyakula vingine.

Vyakula na mafiga yake

Vyakula sita vinatosha na vinashiba: mtori wa kuanzia, pilau, kuku wa kienyeji wa mchuzi, mbuzi wa kuchoma mzima, kabichi, na kachumbari. Baada ya hapo matunda. Ukitaka kuongeza machalari (ndizi na nyama) au kiburu (ndizi na maharage), ondoa kimoja kati ya hivyo. Meza yenye vyakula kumi inapendeza kwenye picha, lakini nusu yake itakuwa imepoa na nusu itabaki.

Moto unaohitajika ni huu. Seti tatu za mafiga nje kwa kuni, mbili za pilau na moja ya mtori. Jiko moja kubwa la mkaa la kuku. Jiko la gesi la ndani la kabichi, chai na maji ya moto. Hakikisha mtungi haujakaribia kuisha, kwa sababu mchana wa Krismasi maduka mengi ya gesi yamefungwa. Na mahali pa mbuzi, mita nne au zaidi kutoka kwenye nyumba, migomba mikavu na turubai. Weka mafiga upande ambao upepo haupelekei moshi kwa wageni. Mvua za vuli wakati mwingine hufika hadi mwisho wa Desemba, kwa hiyo jikoni kwa nje pia kuwe na paa, hata mabati manne juu ya nguzo. Watu wengi hufunika wageni na kusahau wapishi.

Sufuria: mbili za lita 20 za pilau, moja ya lita 30 ya mtori, moja ya lita 20 ya kuku, na moja kubwa ya maji tu, isiyotoka motoni kuanzia alfajiri. Hiyo ya maji ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayookoa mtori uliokuwa mzito, kunyonyoa kuku aliyechelewa, na kuosha vyombo vyenye mafuta.

Gunia moja la mkaa na mizigo minne mikubwa ya kuni kavu vinatosha kwa yote haya. Kuni za mgrevilea au mkaratusi zinafaa kwa sufuria. Usichomee nyama kwa kuni za msaipresi wala msonobari, utomvu wake hutoa moshi mweusi unaoacha uchungu kwenye nyama.

Wiki mbili kabla

Turubai, viti na masufuria ya kukodi viwekewe oda sasa. Desemba ni mwezi wa harusi na ubatizo Kilimanjaro, na wiki ya Krismasi vitu hivi huisha. Kodi viti 60, sahani 75 na vijiko 80, kwa sababu sahani zilizotumika hazirudi safi kwa wakati.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, nayo haitengenezwi kwa siku moja. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa, na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Mwambie mpishi tarehe unayotaka kuinywa, si tarehe ya kuichukua, ili apange kuchanganya ulezi kwa wakati. Baada ya siku mbili huwa kali kupita kiasi. Ndoo mbili za lita 20 zinatosha kama soda na juisi zipo. Inaendelea kuchacha hata ikiwa nyumbani, kwa hiyo usiibane kwenye dumu lenye kifuniko kilichokazwa. Litapasuka.

Mbuzi anunuliwe sasa, mnadani au kwa mfugaji unayemjua, kabla bei hazijapanda wiki ya sikukuu. Tafuta aliyehasiwa, wa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, mwenye kilo 25 hadi 28. Akichinjwa atatoa nyama yenye mfupa karibu nusu ya uzito huo, yaani kilo 12 au 13. Beberu ambaye hajahasiwa ana harufu isiyoondoka kwa ndimu wala kwa tangawizi. Zungumza pia na afisa mifugo wa kata au mkaguzi wa nyama aje kumwangalia mbuzi siku ya kuchinja.

Sokoni

Nunua vyakula vikavu wiki moja kabla: mchele kilo 8, mafuta lita 5, viungo, chumvi, sukari, majani ya chai. Mbuyuni hapo Moshi mjini utapata karibu vyote mahali pamoja. Muulize muuza mchele kama ni mpya au wa zamani. Mchele mpya hunywa maji kidogo, na ukiupikia kwa kipimo cha mchele wa zamani unapata bokoboko.

Tarehe 23 nunua ndizi mshare, kilo 9 zikiwa na maganda. Huko juu Marangu au Mwika zinatoka shambani moja kwa moja. Zichaguliwe mbichi kabisa, maana ndizi iliyoanza kuiva hufanya mtori kuwa mtamu. Siku hiyo hiyo nunua vitunguu maji kilo 7, nyanya kilo 8, vitunguu saumu kilo 1, tangawizi kilo 1, karoti kilo 2, hoho, kabichi kubwa 4, malimao 30, pilipili, giligilani, maembe, mananasi na parachichi. Parachichi ziwe ngumu tarehe 23, zitalainika zenyewe.

Tarehe 24 asubuhi nunua nyama ya ng'ombe: kilo 4 ya pilau, yenye mafuta kidogo, na kilo 3 ya mtori yenye mifupa. Iingie kwenye friji kabla ya saa sita. Siku hiyo pia wachinjwe kuku 7 wa kienyeji, wanyonyolewe, kila mmoja akatwe vipande tisa au kumi, wapakwe chumvi, limao, tangawizi na kitunguu saumu, na walale kwenye friji. Kama friji ni ndogo, nyama zilale humo na soda zihamie kwenye beseni la barafu. Usifanye kinyume chake.

Jioni menya vitunguu, twanga viungo, chambua mchele, pasua kuni, jaza maji. Watu 60 pamoja na upishi, vyombo na choo hutumia kirahisi lita 300, kwa hiyo jaza matanki na ndoo zote, kwani maji yakikatika tarehe 25 hakuna fundi. Wapishi waende ibada ya mkesha usiku huu, ili kesho asubuhi wengine wakienda kanisani wao wabaki na moto bila kujisikia wameikosa sikukuu.

Mbuzi

Hiki ndicho chakula kinachotaka muda mrefu kuliko vyote, na ndicho kinachowashinda wengi.

Nyama ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na ikipikwa katikati ya kipindi hicho huwa ngumu. Aidha iingie motoni mapema, aidha ilale mahali pa baridi hadi kesho yake. Kwa joto la Moshi la Desemba, kuilaza bila friji kubwa ni hatari, kwa hiyo chinja saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi mbuzi awe juu ya moto. Anayechuna asiguse nyama kwa mkono ulioshika manyoya. Harufu nyingi ya mbuzi hutoka huko. Wanaotaka kisusio wakinge damu kwenye chombo safi chenye chumvi kidogo na kuikoroga hapo hapo, isigande, kisha ichemke sawasawa pamoja na nyama za ndani zilizooshwa na kuiva.

Mkaushe mbuzi kwa kitambaa safi. Chanja mapaja na mabega hadi karibu na mfupa, michano minne kila upande. Twanga vitunguu saumu gramu 250 na tangawizi gramu 250, changanya na chumvi gramu 180, maji ya malimao 15, pilipili manga vijiko viwili na mafuta kikombe kimoja. Sugua ndani na nje, na uingize kwenye michano.

Mti wa kumpitisha uwe mbichi na mnene, wa mpera kwa mfano, au nondo nene. Usitumie bomba la maji lenye rangi ya fedha. Limepakwa zinki, na likipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu karibu na nyama. Funga uti wa mgongo na miguu kwa waya mweusi wa kufungia nondo, na ukaze sana. Mbuzi akilegea, mti unazunguka wenyewe na yeye anabaki palepale, upande mmoja unaungua.

Choma kwa makaa, usichome kwa ndimi za moto. Washa kuni saa 12 asubuhi ili saa 2 ziwe zimekuwa makaa. Yapange mafungu mawili, chini ya mapaja na chini ya mabega, katikati pabaki karibu patupu, kwa sababu mbavu ni nyembamba na mafuta yanayodondoka hapo ndiyo yanayowasha moto. Mbuzi awe juu kiasi cha sentimita 60. Weka kiganja pale nyama ilipo: ukiweza kuvumilia kwa kuhesabu taratibu hadi tano, moto ni sawa, ukitoa mkono kwenye mbili, tawanya makaa. Geuza kila dakika 10 hadi 15, na ongeza mkaa ulioshika tayari, si mweusi. Baada ya saa tatu funika mbavu kwa karatasi ya foili, mapaja yaendelee. Jumla ni saa tano hadi sita. Ameiva pale kisu kinapoingia pajani hadi kwenye mfupa na maji yanayotoka hayana wekundu. Kama una kipimajoto, nyuzi 75 ndani ya paja.

Kama hakuna aliyewahi kuchoma mbuzi mzima katika nyumba yenu, mkateni robo nne pamoja na mbavu na mchome juu ya wavu. Inachukua saa mbili hadi mbili na nusu, inaiva sawa pande zote, na mnaweza kuchinja na kuanza baadaye. Ladha haipungui hata kidogo.

Mtori

Saa 12 asubuhi bandika nyama yenye mifupa na maji lita 10, chumvi na vitunguu. Iendelee hadi nyama iachane na mfupa, saa mbili au zaidi. Huko Kibosho na Marangu, kwenye mita 1,300 na kuendelea, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo ongeza nusu saa.

Menya ndizi ukiwa umepaka mafuta mikononi, utomvu wake hautoki kwa sabuni, na zitumbukize kwenye maji mara moja zisiwe nyeusi. Zitakazobaki ni kama kilo 5. Saa 4 toa nyama na mifupa yote kwenye supu, tia ndizi na nyanya kilo moja iliyomenywa, chemsha dakika 40 hadi zilainike kabisa. Ponda kwa mwiko au pekecha, rudisha nyama iliyochambuliwa, tia siagi robo kilo. Kuanzia hapa vuta kuni, ubakize makaa machache tu, na mtu mmoja awe anakoroga chini kila dakika chache. Mtori huzidi kuwa mzito kadiri unavyokaa, ndiyo maana sufuria ya maji ya moto iko karibu. Maziwa, kama mnatumia, yaingie dakika za mwisho. Yakitiwa saa tano na mtori ukakaa hadi saa nane, unaweza kuchacha. Ukishika chini, usikwangue: hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine na uliache ganda.

Watoto wapewe mtori saa sita na nusu, wametoka kanisani na njaa. Wakila mapema, mchana wote unatulia.

Kuku, kisha pilau

Kuku waingie jikoni saa 3. Jogoo mzee anataka hadi saa mbili za kuchemka, mtetea mchanga saa moja, kwa hiyo tenganisha tangu mwanzo. Kaanga vitunguu kilo moja na nusu na nyanya kilo 3 hadi mafuta yajitenge, tia kuku na supu yao, acha moto mdogo.

Pilau pika sufuria mbili, mchele kilo 4 kila moja. Ukiweka kilo 8 pamoja, wa chini unapondwa na uzito na wa juu unabaki mbichi. Kwa kila sufuria: nyama kilo 2 iliyochemshwa kuanzia saa 3 (kwenye moja ya mafiga ya pilau, ambayo bado yana nafasi), vitunguu kilo 1, mafuta nusu lita, vitunguu saumu na tangawizi gramu 100 kila kimoja, bizari nyembamba vijiko 4 vya chakula, mdalasini vijiti 5, iliki 25, karafuu 20, pilipili manga nzima kijiko kimoja. Saa 5 na nusu kaanga vitunguu hadi viwe na rangi ya kahawa, bila haraka, kwani rangi ya pilau yote inatoka hapo. Vikiungua vitupe, uanze upya. Tia viungo, nyama, kisha supu na maji, jumla lita 6, pungufu kidogo kama mchele ni mpya. Chumvi vijiko 4 vya chakula. Onja, maji yawe na chumvi kuzidi kidogo unavyopenda, maana mchele utaipunguza.

Yakichemka, saa 6 na robo, tia mchele uliooshwa. Geuza mara moja. Maji yakikaribia kukauka, geuza tena kutoka chini, funika, vuta kuni zote na palia makaa juu ya mfuniko. Dakika 30 hadi 40. Kila anayefungua kuchungulia anatoa mvuke unaoivisha wa juu.

Kabichi ipikwe saa 7 na robo, kachumbari ikatwe saa 7 na nusu na chumvi itiwe mwisho kabisa, la sivyo inakuwa maji.

Kugawa

Saa 8 kamili. Kunawa kwa maji ya vuguvugu, sala, kisha wazee wapelekewe mtori pale walipokaa, wasipangwe foleni. Meza iwe ya kupita pande zote mbili, na vyakula vipangwe hivi: pilau, kabichi, kachumbari, kuku, mbuzi mwishoni. Nyama ikitangulia, sahani za kwanza zitaimaliza. Kuku na mbuzi vigawiwe na mtu mzima mwenye mkono sawa, ambaye anaweza kumwambia hata shemeji kwamba kipande cha pili kitakuja wote wakishapita.

Mbuzi akatwe mbele ya watu, lakini kabla ya kisu kugusa, muulize mzee wa ukoo. Katika familia nyingi za Kichaga sehemu fulani zina wenyewe, na kumpa kijana kipande cha babu yake ni kosa litakalozungumzwa hadi Krismasi ijayo. Kama kuna kikao cha ukoo, kifanyike baada ya matunda. Kikiwekwa kabla ya chakula hurefuka, na mtori haungoji.

Mabaki

Chakula kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kwa joto la mchana kisirudishwe sufuriani. Pilau ndiyo ya kuangaliwa zaidi: kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, wali ukikaa na uvuguvugu wanazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo saa kumi tandaza pilau iliyobaki kwenye sinia pana ipoe haraka, weka friji, na ipashwe kesho mara moja tu hadi itoe mvuke. Wanaoondoka wafungiwe chakula chao mapema kingali cha moto, na waambiwe wakile jioni hiyo hiyo.

Maganda ya ndizi wapewe ng'ombe au mbuzi. Mwaga maji juu ya makaa yote, chimbua majivu uone kama bado kuna moto chini. Hesabu vijiko vya kukodi kabla maji ya kuoshea hayajamwagwa, kwa sababu vinavyokosekana huwa viko chini ya beseni.